Kupima na kuprogramu Toyota kwa kompyuta na kebo ya Mini VCI: mwongozo kamili

IST moja ililetwa kwangu ikiwa imeshabadilishwa sensa ya oksijeni mara mbili. Taa ya injini iliwaka, fundi wa kwanza akachomeka kimashine chake, kikasoma P0171, yaani mafuta ni kidogo kuliko hewa, akasema sensa hiyo. Ikanunuliwa. Wiki haikuisha taa ikarudi. Fundi wa pili naye akachomeka, msimbo uleule, hukumu ileile. Mwenye gari alikuja na zile sensa za zamani kwenye mfuko wa rambo, akitaka nimwambie ipi ilikuwa feki.

Hakukuwa na feki hapo. Nilichomeka kebo, nikaacha injini ishike moto, kisha nikafungua takwimu hai badala ya kuukodolea macho msimbo. Gari likiunguruma lenyewe bila kukanyagwa, Short FT na Long FT, yaani marekebisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu kwa asilimia, ukizijumlisha zilikuwa kwenye +24. Nikamwambia akanyage hadi mizunguko 2,500 ashikilie hapo. Namba ikashuka: 15, 9, ikatulia kwenye +4. Maana yake ni kwamba kontrol boksi, kompyuta ya injini, inaongeza mafuta kwa karibu robo kwa sababu inaona hewa imezidi, lakini injini ikivuta hewa nyingi tatizo linayeyuka. Hewa ilikuwa inapenya sehemu fulani baada ya sensa ya hewa, ile MAF. Tundu dogo la namna hiyo ni mzigo mkubwa kwa injini iliyotulia, na si chochote kwa injini iliyokanyagwa. Nilipapasa nyuma ya manifoldi nikakuta mpira wa PCV, unaorudisha mvuke wa injini kwenye manifoldi, umepasuka upande wa chini, mahali jicho halifiki. Kipande cha mpira na klipu mbili, basi.

Kuiona ile +24 ikishuka hadi +4 ndiyo kazi ya kebo. Kusoma msimbo ni sekunde tano za mwanzo tu. Nitaeleza kila hatua kuanzia kununua kebo hadi kuprogramu, nikitumia Toyota zilizotumika kutoka Japani, maana ndizo zilizojaa barabarani kwetu: Vitz, IST, Premio, Allion, Probox, Noah, Harrier, Crown, na siku hizi Aqua na Prius.

Kwa nini usitegemee kile kidude cha Bluetooth

Vile vidude vidogo vya ELM327 vinavyouzwa kila kona vilitengenezwa kwa magari yanayofuata OBD2, utaratibu wa kusoma hitilafu za gari ambao Marekani iliulazimisha kwa magari yote kuanzia modeli za 1996, na Ulaya ikafuata na lake kwa magari ya petroli mwaka 2001. Gari lililojengwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani halikuwa na sababu ya kutii sheria hizo. Tundu lake lina umbo lilelile la pini 16, lakini Toyota nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zinaongea ndani yake lugha ya Toyota yenyewe. Ndiyo maana unachomeka kidude kwenye IST ya 2003, simu inazunguka dakika tatu, inasema imeshindwa, halafu mtu anaambiwa kontrol boksi imekufa. Haijafa. Haikuulizwa kwa lugha yake.

Hata pale kidude kinapokubali, husoma injini peke yake. Breki za ABS, eabegi, milango, funguo na usukani wa umeme kwa kawaida havioni.

Programu ya Toyota inaitwa Techstream. Inaongea na gari kupitia kebo inayofuata kanuni ya J2534 ya chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, SAE. Wazo la kanuni hiyo ni jepesi: programu ya mtengenezaji wa gari iweze kutumia kebo ya mtengenezaji yeyote. Mini VCI ni kebo ya bei ya chini katika ukoo huo. Mtandaoni utaiona kwa dola 20 hadi 40. Ukitaka ya uhakika zaidi, Mongoose ya Drew Technologies ndiyo iliyouzwa na Toyota yenyewe pamoja na Techstream Lite, lakini bei yake ni ya gereji, si ya mtu mwenye Vitz moja nyumbani.

Vya kuandaa

Tafuta kompyuta ya zamani. Nasema hivyo kwa makusudi. Draiva ya Mini VCI iliandikwa enzi za Windows ya biti 32, na kompyuta yenye Windows 7 ya biti 32 itakupa amani ambayo mashine mpya haitakupa. RAM ya 2 GB inatosha. Betri ya kompyuta iwe inashika chaji, kwa sababu mara nyingi utakuwa uwanjani pasipo soketi.

Pamoja nayo uwe na mita ya umeme ya kawaida, na chaja ya betri ya gari. Chaja watu huidharau. Siku moja niliacha swichi ON kwenye Premio kwa karibu dakika arobaini nikichunguza mfumo wa milango. Betri ilipochoka, zikaanza kumiminika hitilafu ambazo dakika tano kabla hazikuwepo: ABS inalalamikia volti kwa C1241, mifumo mingine inasema haisikii mwenzake. Nikakimbizana na vivuli mpaka nilipopima betri nikakuta volti 11.2. Tangu hapo, kazi yoyote itakayopita dakika kumi injini ikiwa imezimwa, chaja inafungwa kwanza.

Kuhusu programu: njia halali ni kulipia kwenye tovuti ya Toyota ya taarifa za ufundi, na kuna malipo ya siku chache, ya mwezi na ya mwaka. Kebo za bei nafuu huja na kasidi (CD ndogo) yenye nakala ambayo haijulikani nani kaichezea. Antivirusi zikipiga kelele juu ya kasidi hizo mara nyingi zina sababu. Ukiamua kuiingiza kasidi hiyo popote, isiwe kwenye kompyuta unayofanyia miamala ya benki.

Kusakinisha

Mpangilio una maana hapa, usiruke.

1. Zima intaneti kwenye kompyuta. Kebo nyingi za bei nafuu zina chipu ya USB inayoiga ya kampuni ya FTDI, na Oktoba 2014 sasisho la draiva lililoshushwa kupitia Windows lilizifanya chipu za namna hiyo zisitambulike tena na kompyuta. Watu walidhani kebo zimeungua.

2. Sakinisha Techstream, usiifungue bado.

3. Sakinisha draiva ya MVCI (ndiyo Mini VCI) kebo ikiwa bado haijachomekwa. Kwenye Windows ya biti 64 kisakinishi hiki hugoma. Njia ya kuzunguka ni kutoa mafaili yake kwenye kompyuta ya biti 32, kuyanakili kwenye folda ya Program Files (x86)\XHorse Electronics\MVCI Driver for TOYOTA TIS, kisha kuongeza taarifa zake kwenye rejista ya Windows chini ya WOW6432Node\PassThruSupport.04.04. Inawezekana, nimeifanya, lakini inakula jioni nzima.

4. Chomeka kebo kwenye USB, subiri Windows iitambue. Ndani ya folda ya draiva kuna kiprogramu cha Firmware Update Tool. Kifungue ubofye Device Info. Ikitokea namba ya kebo na toleo lake, kebo na kompyuta zinaelewana. Funga hapohapo. Kitufe cha kusasisha usikiguse, kebo ya kuiga ikisasishwa inaweza isiamke tena.

5. Sasa fungua Techstream, nenda Setup, kisha VIM Select, chagua XHorse - MVCI. Watu wengi sana hukwama hapa. Usipochagua, programu inaitafuta kebo nyingine kabisa na kukuambia haioni kitu.

Kila mara tumia tundu lilelile la USB. Ukihamia tundu lingine Windows huweza kuanza kusakinisha draiva upya, na umezima intaneti.

Kuunganisha na gari

Tundu la gari liko chini ya deshibodi upande wa dereva, karibu na magoti. Kwenye baadhi ya magari limefunikwa na kifuniko kidogo cha plastiki. Chomeka kebo swichi ikiwa imezimwa, kisha weka ON bila kuwasha injini. Kwa gari la kitufe, bonyeza mara mbili bila kukanyaga breki. ACC haitoshi.

Bofya Connect to Vehicle. Gari la Marekani lingejitambulisha lenyewe kwa namba yake ya herufi na tarakimu 17. Gari la Japani halina namba hiyo. Lina namba ya chasesi fupi kama SCP90 au NZT260 ikifuatiwa na namba ya mfululizo. Kwa hiyo programu itakuuliza modeli, mwaka na injini, na wewe ndiye utakayejibu. Angalia kibati kwenye chumba cha injini au nguzo ya mlango. Vitz ya SCP90 ina injini ya 2SZ-FE ya 1.3, KSP90 ina 1KR-FE ya lita moja, NCP91 ina 1NZ-FE ya 1.5. Zinafanana kwa nje kama mapacha, na ukichagua isiyo yake programu itakubali kisha ikuletee mifumo pungufu au namba zisizo na akili.

Jambo lingine linalowapotosha wengi ni eneo. Techstream hukuuliza eneo mara ya kwanza unapoifungua. Ukichagua Amerika ya Kaskazini, modeli nyingi za Japani hazitaonekana kwenye orodha, maana Probox wala IST hazikuuzwa kule kwa majina hayo. Ukikosa gari lako, angalia hapo kabla ya kuilaumu kebo.

Ikikataa kabisa kuunganika, shika mita. Pini ya 16 kwenye tundu iwe na volti za betri, pini ya 4 na ya 5 ziwe hasi. Pini ya 16 ikiwa kavu, tafuta fyuzi iliyoandikwa OBD. Kama umeme upo na gari ni la mfumo wa CAN (nyaya mbili ambazo kompyuta za gari huongea kupitia), toa waya wa betri, pima ukinzani kati ya pini ya 6 na ya 14: afya ni karibu omu 60. Ukipata 120, waya umekatika mahali. Ukipata karibu na sifuri, una shoti. Na kabla ya yote hayo, chungulia nyuma ya tundu kama kuna nyaya za rangi nyingine zimeungwa na kufungwa selotepu. Watu wanaofunga vifaa vya kufuatilia gari hupenda kuiba umeme hapo, na nimeshakuta kifaa cha aina hiyo kimenyamazisha gari zima.

Huna kompyuta leo? Kwenye Toyota nyingi unaweza kuunganisha pini ya 4 na ya 13 kwa kipande cha waya, uweke swichi ON, na taa za deshibodi zitapepesa misimbo. Hesabu pini mara mbili kabla ya kuweka waya. Ukigusa ya 16, waya utakuwa mwekundu mkononi mwako.

Kusoma: Health Check kwanza

Usikimbilie injini. Bofya Health Check, iache ipitie mifumo yote, itakuletea orodha yenye hitilafu za kila mmoja. Ihifadhi. Huu ndio ushahidi wa hali uliyoikuta kabla hujagusa kitu, na siku mteja akidai eabegi imeanza kuwaka taa baada ya wewe kushika gari, utaufungua mbele yake.

Herufi ya kwanza inakupa mtaa: P ni injini na gia, C ni breki na mwendo, B ni bodi na eabegi, U ni mawasiliano kati ya mifumo. Ukiona U nyingi kwa pamoja, shuku betri, hasi iliyolegea au waya kabla ya kushuku kifaa chochote.

Pembeni ya baadhi ya misimbo utaona kialama cha theluji. Kibofye. Ni picha ya hali ilivyokuwa tatizo lilipotokea: mizunguko, mwendo, joto la maji, mzigo, marekebisho ya mafuta. Kwenye modeli nyingi za baadaye ni picha tano, tatu za kabla ya tukio, moja ya tukio lenyewe na moja ya baada, zikipishana nusu sekunde. Mteja anasema gari linamisi (silinda haiwaki vizuri) "wakati mwingine". Picha inasema maji yalikuwa nyuzi 31, gari limesimama, mizunguko 1,100. Sasa unajua ni asubuhi, gari likiwa limetoka kulala. Utalitaka lilale kwako.

Ukifuta misimbo, picha hizi zinakwenda nazo. Kwa hiyo kufuta ni kwa mwisho, na kabla ya kufuta unahifadhi au unapiga picha skrini kwa simu.

Namba zinazosema ukweli

Fungua mfumo wa injini, kisha Data List. Itakuja orodha ndefu ya kutisha. Chagua mistari sita au saba na ufiche mingine. Si kwa ajili ya urembo: kwenye magari ya zamani mawasiliano ni ya polepole, na mistari mia ikiombwa kwa pamoja kila mmoja utasasishwa kwa kuchelewa.

Joto la maji. Injini ikishika moto likae kati ya nyuzi 80 na 95. Jaribio ninalolipenda ni la asubuhi: gari lililolala usiku kucha, kabla ya kuwashwa, joto la maji na joto la hewa inayoingia lazima yakaribiane. Yakipishana nyuzi 15, moja ya sensa inadanganya. Ukisoma −40, kwa Dar wala Kisumu hakuna baridi hiyo, ni waya uliokatika. Ukisoma 140 injini ikiwa ya baridi, ni shoti.

Hewa, yaani MAF. Injini ndogo ya 1.3 au 1.5 ikiwa ya moto na imetulia, AC imezimwa, tarajia kati ya gramu 1.5 na 3 kwa sekunde. Chini ya hapo, na mafuta yanaongezwa, fikiria sensa iliyochafuka au hewa inayopenya.

Short FT na Long FT. Hii ndiyo iliyoiokoa IST. Ndani ya asilimia 10 juu au chini, tulia. Chanya kubwa inayoshuka ukikanyaga ni hewa inayopenya. Chanya inayozidi kupanda ukikanyaga ni mafuta hayafiki: pampu, chujio, nozeli zilizoziba. Hasi kubwa ni mafuta yanayozidi, kwa mfano nozeli inayovuja.

Sensa ya oksijeni ya nyuma, O2S B1S2. Injini ikiwa ya moto inapaswa kutulia. Ikiyumba juu chini kama ya mbele na una P0420, masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi yamekwisha, au kuna aliyeyatoa akayauza kabla gari halijakufikia. Hiyo ya pili angalia kwa tochi kabla ya kumpigia mtu hesabu.

Kwa misi, P0301 hadi P0304 hukutajia silinda. Usinunue koili. Hamisha ya silinda ya 3 uipeleke ya 1, futa, endesha, soma tena. Msimbo ukihama kutoka P0303 kwenda P0301, koili ndiyo. Ukibaki pale pale, hamisha plagi, halafu nozeli, halafu pima mgandamizo.

Kwenye Prado na Hilux za dizeli zenye injini ya 1KD au 2KD, tafuta mistari ya Injection Feedback Val, yaani marekebisho ya mafuta ya kila silinda, kwa silinda zote nne. Injini ikiwa ya moto na imetulia, nozeli nzima hukaa ndani ya 3 kwa chanya au hasi. Nozeli iliyosimama kwenye 5 wakati wenzake wako kwenye 1, umeshaijua bila kufungua spana.

Na kwenye Prius yenye P0A80, msimbo wa betri kubwa iliyochoka, ingia kwenye mfumo wa betri kubwa uangalie volti za vifungu 14. Mtu akae kwenye breki na kukanyaga mafuta kidogo ili betri ifanye kazi, wewe utazame. Kifungu kimoja kikizama zaidi ya volti moja kuliko wenzake, kimechoka. Kuona ni bure, kufungua ni jambo jingine: nyaya za rangi ya chungwa zina zaidi ya volti 200 na hazina onyo la pili.

Kuamrisha na kurekebisha

Active Test inakuwezesha kuamrisha kifaa ukiwa umekaa. Washa feni ya rejeta, washa pampu ya mafuta usikilize mlio, kata silinda moja moja uone ipi ikikatwa injini haibadiliki. Feni isipozunguka kwa amri ya kompyuta, tafuta rilei, fyuzi, waya au mota. Ikizunguka, basi rudi kwenye sensa ya joto.

Utility ndiko ziliko kazi ambazo gereji isiyo na kebo haiwezi kuzimaliza. Nitataja tatu.

Kwanza, kusawazisha sifuri ya sensa za VSC, mfumo wa kuzuia gari lisiteleze. Gari limebadilishwa sensa ya kupima jinsi gari linavyogeuka (yaw) au limefanyiwa kazi kubwa ya mbele, taa ya VSC inawaka na hakuna kilichoharibika. Weka gari mahali tambarare kweli, usukani umenyooka, mtu asipande wala kushuka, kisha fuata maelekezo ya Zero Point Calibration. Ukifanyia kwenye mteremko, umeifundisha gari kwamba mteremko ndio usawa.

Pili, namba za nozeli za dizeli. Nozeli nyingi za 1KD au 2KD zina msimbo wa herufi na tarakimu 30 juu yake. Ukibadilisha nozeli bila kuingiza msimbo huo kwenye kontrol boksi, injini inaweza kugonga au kutoa moshi hata kama nozeli ni mpya kabisa. Andika misimbo yote minne kabla ya kuzifunga, maana zikishaingia ni vigumu kuisoma. Soma kwa sauti, mwenzako aandike, kisha mrudie pamoja. B na 8 zimeshaniumiza.

Tatu, breki za Prius na Aqua. Pampu yake huamka hata ukifungua mlango tu. Kabla ya kurudisha pistoni za breki au kutoa hewa, tumia Techstream kulaza mfumo huo, la sivyo vidole vyako viko hatarini.

Kisha kuna Customize, ambayo wateja huifurahia kuliko yote. Milango ijifunge gia ikitoka P, mlio wa kufunga upungue, taa za ndani zikae sekunde chache zaidi, na ile king'ora cha ndani cha Aqua na Prius ukirudi nyuma kilie mara moja badala ya kulia mpaka unafika. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na andika kilivyokuwa mwanzo.

Funguo

Kuongeza ufunguo kunahitaji ufunguo mkuu uliosajiliwa. Techstream itakuongoza: ufunguo mkuu, kisha mpya, kila mmoja kwa muda wake. Kama funguo zote zimepotea, kwenye Toyota nyingi inabidi kuuanza upya mfumo wa immobilaiza, unaozuia gari kuwaka kwa ufunguo usiosajiliwa, na hatua hiyo humngojesha mtu dakika 16 swichi ikiwa ON. Chaja iwe imefungwa, na mtu asichomoe kebo kwa kukosa subira.

Kabla ya yote naomba kadi ya gari na kitambulisho, na jina lifanane. Mteja akichukia, achukie. Gari la wizi likikutwa na ufunguo uliosajiliwa kwenye kompyuta yangu, mimi ndiye nitakayekuwa na mengi ya kueleza.

Kuflashi kontrol boksi

Hapa Mini VCI inakaa pembeni. Kusoma na kurekebisha inaweza, lakini kuandika upya programu ya kontrol boksi ni dakika nyingi za mawasiliano yasiyotakiwa kukatika hata mara moja, na kebo ya kuiga haina uaminifu huo. Ikikatika katikati, una boksi lisilojua kuwasha gari. Kazi hii ifanywe kwa kebo halisi ya J2534, chaja imara inayoshika karibu volti 13.5, kompyuta iliyofungiwa usingizi na masasisho, na faili la Toyota linalolingana na namba ya kalibresheni ya boksi hilohilo. Faili la gari la Marekani halifai kwa gari la Japani hata injini ikiwa na jina moja. Na ukiulizwa kama gari linahitaji kuflashiwa ili liache kumisi, jibu karibu kila mara ni hapana.

Kama gari si Toyota

Utaratibu ni uleule, zana hubadilika. Kwa Ford Ranger kuna FORScan, yenye toleo la bure la Windows. Kwa Volkswagen, Audi na Skoda kuna VCDS ya Ross-Tech yenye kebo yake. Kwa BMW za kabla ya kizazi cha F watu hutumia kebo ya K+DCAN na programu ya INPA, inayoongea Kijerumani zaidi ya unavyopenda. Toyota mpya zenyewe zimehamia programu ya GTS+, ambayo Mini VCI ya zamani haitakusaidia.

Kabla hujachomoa

Futa misimbo. Zima swichi, subiri nusu dakika, washa injini. Endesha kwa dakika 15 hadi 20, barabara ya taratibu na ya kasi, kebo ikiwa bado imechomekwa na kompyuta ikiwa imeshikwa na abiria, si juu ya mapaja ya dereva. Kumbuka marekebisho ya mafuta yaliyojifunza huweza kufutika pamoja na misimbo, kwa hiyo namba za dakika za kwanza usizihukumu.

Rudi, fanya Health Check ya pili, ihifadhi kwa jina lenye namba ya gari na tarehe, uiweke folda moja na ile ya kwanza. Ya IST ilisoma Long FT +3 gari likiwa limetulia. Mwenyewe aliomba nimpigie picha skrini, akasema anaipeleka kwa wale mafundi wawili.